Shule Imefungwa, Mbuzi Wamefika

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya mbuzi kumi na wanne.

Barua hii ni yenu nyote watatu: Chande, Mwanaidi na Semboja. Akimaliza mmoja ampe mwenzake, kama tulivyokuwa tukipokezana madaftari pale chuoni. Ila msiisome kwa sauti mbele ya watu. Naandika saa tisa alasiri nikiwa kwenye dawati la Darasa la Tatu, kwa sababu kiti changu cha ofisini kimekaliwa na gunia la maharage. Mtaelewa huko mbele.

Mnajua mimi ni Kaimu Mwalimu Mkuu hapa Titye tangu mwezi wa nane. Kaimu! Nyumba ya Mwalimu Mkuu naiona kila siku, ufunguo sina. Mzazi akija na shida ananisikiliza kwa adabu, halafu anauliza, "Na mwenyewe atakuja lini?" Nyumbani Muheza nilishaandika kwamba nimekuwa Mwalimu Mkuu (neno kaimu halikutosha kwenye mstari), na mama akalitangaza sokoni mpaka wauza nazi wakanitumia salamu. Sasa, wiki mbili zilizopita Mkaguzi wa Shule alituma ujumbe kutoka Kasulu mjini. Atakuja siku yoyote kabla ya likizo ya Desemba. Akiikuta shule inakwenda vizuri, neno kaimu litafutwa. Asipoikuta hivyo, ataletwa mwingine.

Tangu hapo sijalala vizuri. Nimepaka chokaa mawe yote ya uani. Nimewafundisha watoto wimbo wa kumpokea mgeni. Nimeandaa mahudhurio kwa wino wa rangi mbili.

Kilichobaki ni mvua tu.

Nyinyi wa pwani mnaijua mvua inayonyesha, inakoma, mnaendelea na bao. Huku ni milima na mabonde, na kati ya shule yangu na nusu ya wanafunzi wangu kuna mto. Siku za kawaida kuku anauvuka. Mvua kubwa ikipiga huko juu, baada ya saa moja unabeba magogo. Mwaka juzi mtoto wa Darasa la Pili alichukuliwa na maji, akanaswa na kichaka, wakamvuta kwa mkanda wa begi lake la shule. Yuko hai, yuko Darasa la Nne, ni mtundu kuliko wote. Lakini mimi kila wingu likijikunja namwona yeye.

Ndipo linapokuja swali: nani anaamua shule ifungwe? Mtadhani wilaya. Wilaya iko mbali na simu hatuna. Wilaya ilichotupa ni waraka. Nimeusoma mara nyingi nikitafuta kipimo, labda futi kadhaa za maji, labda saa kadhaa za mvua. Waraka wote unasema hivi: "Wakati wa mvua kubwa, Mwalimu Mkuu atumie busara."

Basi! Atumie busara. (Na kaimu je, atumie nusu busara?)

Mimi nikaweka utaratibu wangu. Wa kisasa. Kila jioni nasimama ukingoni mwa uwanja wa mpira nakiangalia kilima cha pili, ambako Mama Ndayizeye ana shamba lake la mihogo juu ya mto. Huku watu hawatembei saa nzima kwenda kuulizana habari. Wanaitana, kilima kwa kilima. Mimi nauliza mto ukoje, yeye anajibu, mimi naamua. Kama shule haipo, Mzee Bukuru, mlinzi wetu, anagonga ile rimu ya lori tunayotumia kama kengele, mara tatu polepole, kisha anapaza sauti, na watu wa vilima vingine wanapokezana ujumbe mpaka Rungwe Mpya huko, nadhani. Hata redio haina kasi hiyo.

Mama Ndayizeye ni mjane, ametoka Burundi na wazazi wake akiwa msichana, na Kiswahili anakijua sana. Lakini akipaza sauti, anapaza kwa Kirundi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema Kiswahili hakifiki mbali. Nikacheka. Nikamwambia Kiswahili kimefika mpaka Kongo. (Mnanijua. Huku wananiita Mswahili, na mimi kazi yangu ni kusahihisha ngeli za watu barabarani.)

Kwa hiyo nikajifunza Kirundi kidogo. Nina daftari. Nimeandika: uruzi, mto. Imvura, mvua. Abana, watoto. Ejo, kesho. Hilo la ejo nililipata kwa wanafunzi wenyewe. Mtoto ukimwuliza zoezi lake liko wapi, anakuna kichwa, anakuambia, "Nitaleta ejo, Mwalimu." Miezi mitatu sijasikia mtoto akilitumia kwa maana nyingine. Nikalipigia mstari kwa wino mwekundu.

Jumamosi nilikwenda Kasulu mjini kununua chaki na betri, nikalala kwa jamaa mmoja wa Tanga mwenye duka. Mjini hakukudondoka tone. Nilirudi jana Jumapili, saa kumi jioni, nikakuta mawingu meusi yamesimama juu ya milima kama yana kesi na mtu. Redioni, habari ni ileile ya mwezi mzima: Elinino, Elinino, Elinino. Nikaenda ukingoni mwa uwanja, nikaweka mikono mdomoni.

"Mama Ndayizeee! Mto vipiii?"

Akainuka kati ya mihogo, mdogo kama punje. Akajibu kitu kirefu. Upepo ukala nusu. Nilichosikia ni hiki: "Ejo... uruzi... rwuzuye!" Halafu mwishoni kabisa, "Abana... baki!"

Nikafungua daftari. Ejo, kesho. Uruzi, mto. Rwuzuye, hata mjinga anasikia: umejaa. Abana wabaki! Kesho mto utajaa, watoto wabaki nyumbani. Jamani, nilijisikia msomi. Mtu wa Muheza, miezi mitatu tu, anatafsiri utabiri wa hali ya hewa kutoka kilima cha pili!

Nikamwita Mzee Bukuru.

"Gonga tatu. Kesho shule hakuna. Mafuriko."

Akanitazama. "Ni huyu Elinino wa redio, Mwalimu?"

"Huenda ni hiyohiyo, Mzee."

Mzee akagonga. Akavuta pumzi, akapaza: "Shule hakuna kesho! Mafuriko! Elinino anakuja!"

"Inakuja, Mzee," nikamwambia. "Elinino inakuja. Si mtu."

"Eeh," akasema. Akapaza tena: "Anakuja! Mwalimu amesema!"

Nikamwacha. Kilima cha kwanza kikapokea, cha pili kikapokea, na kwa mbali kabisa nikasikia sauti ya mwanamke ikisema redio imetangaza. Sikusema redio imetangaza. Lakini kwenda kusahihisha kilima kizima kungenichukua mpaka giza. Walimu wenzangu wawili waliposikia ile rimu walimshukuru Mungu, wakapanga kwenda shamba.

Leo asubuhi nimeamka, na la kwanza kuniamsha ni jua.

Jua gani hilo! Jua la kuanikia mpunga. Mbingu haina hata kipande cha wingu cha kubahatisha. Nikajipa moyo: mafuriko hayana saa. Saa mbili, jua. Saa tatu, jua. Nikaona basi nisipoteze siku. Nikafua suruali zangu zote mbili, nikazianika kwenye mwamba wa goli, nikabaki na msuli kiunoni na fulana ile yenye tundu begani. (Semboja, ndiyo, ileile. Bado ninayo.)

Saa nne hivi nikasikia "meee" nje ya ofisi.

Nikatoka. Njia nzima ya kupandia shuleni ilikuwa imejaa watu. Familia nne za bondeni, na vitanda, na masufuria, na mbuzi wamefungwa kamba wakivutana na wenye kamba. Mbele yao Mama Ndayizeye, gunia kichwani, kuku kwapani, jasho linamtiririka.

"Bwakeye, Mwalimu!" akasema. "Tumefika. Tupe pa kuweka."

"Kuna nini, Mama?"

"Kuna nini tena? Mafuriko!"

Sasa hapa ndipo nilipopaswa kusimama nikafikiri. Hapahapa. Lakini mimi nilichowaza ni kwamba mwanamke huyu anaishi kando ya mto, ameuona kwa macho, na kama amebeba gunia la maharage kilima kizima basi hali ni mbaya kuliko alivyoniambia jana. Hata furaha kidogo ilinipata. Nilikuwa nimepatia! Shule yetu ndiyo iko juu kuliko majengo yote hapa. Nikafungua madarasa. Mbuzi Darasa la Tatu, magunia ofisini, vitanda barazani. Halafu, Mungu anisamehe, nikasimama juu ya jiwe nililolipaka chokaa, na msuli wangu, nikatoa hotuba.

"Ndugu wananchi! Maafa hayana adabu, lakini aliyejiandaa hayamkuti amelala. Jana niliona dalili. Nikachukua hatua!"

Wakapiga makofi. Mama mmoja alifuta machozi. Jua lilikuwa linanichoma utosini nikiwaeleza habari za maji.

Katikati ya hotuba nikasikia pikipiki.

Ikapanda kutoka bondeni. Kutoka mtoni, jamani! Ikaja mpaka uani, ikazimika. Akashuka mtu mnene mwenye miwani na mkoba wa ngozi. Sikuhitaji kuambiwa. Jicho langu lilikwenda kwenye viatu vyake. Vilikuwa vyeusi, vimepigwa kiwi, vikavu kama chaki. Hakuna hata tone.

Mzee Bukuru akakimbia mbele, akampokea mkoba kwa mikono miwili.

"Karibu sana, Bwana Elinino! Mwalimu alitwambia jana unakuja."

"Bwana nani?"

"Elinino. Mkubwa wa mafuriko."

Mkaguzi alimtazama Mzee. Akanitazama mimi juu ya jiwe. Akatazama suruali zangu golini, zikipepea. Kisha mbuzi mmoja akachungulia kwenye dirisha la Darasa la Tatu, akatafuna kipande cha karatasi. Nilikitambua kile kipande. Ilikuwa ratiba ya vipindi.

"Kaimu yupo?" akauliza.

Nilitamani kusema amesafiri.

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wanafunzi wako wapi?"

"Nimefunga shule, mzee. Kwa busara. Mafuriko."

"Mafuriko." Alilitamka polepole, kama mtu anayeonja dawa. "Huo mto nimeuvuka sasa hivi. Kuna kuku alikuwa anavuka na vifaranga vyake. Nikampisha."

Nikaanza kumweleza utaratibu wangu. Nilieleza vizuri, mnajua mimi kueleza naweza: kilima, sauti, rimu, upokezanaji. Alisikiliza hadi mwisho.

"Na nani alikuambia mto utajaa leo?"

"Mama Ndayizeye huyu hapa, mzee. Yeye ndiye kipimo chetu."

Mkaguzi akamgeukia. "Mama, nani alikuambia mto utajaa?"

Mama Ndayizeye akashusha gunia. Akaninyooshea kidole.

"Mwalimu!"

"Mimi?" nikasema.

"Wewe! Jana jioni nimesikia rimu, nimesikia watu wa kule wanaita, Mwalimu amesema mafuriko, redio imetangaza. Nikasema haya, Mwalimu ana redio, amesoma, anajua kuliko mimi. Nimebomoa kitanda! Mgongo huu hapa unaniuma!"

"Lakini Mama, wewe ndiye uliniambia! Ulisema ejo mto utajaa!"

"Nilisema utajaa? Mimi?" Akaweka mikono kiunoni na kuwageukia watu. Akarudia maneno yake ya jana neno kwa neno, safari hii bila upepo: "Ejo uruzi rwari rwuzuye, ubu ni amahoro, abana nibaze!"

Wote wakaanza kucheka isipokuwa mimi. Mkaguzi ni Muha wa hapahapa, Kirundi kwake ni kama lugha ya jirani. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nilijua anajipa muda wa kutocheka.

"Kaimu, unajua amesema nini?"

Nikatoa daftari langu kwenye pindo la msuli. (Ndiyo, natembea nalo.) "Ejo ni kesho, mzee. Nimeandika hapa."

"Ni kesho," akakubali. "Mama, na jana kwa Kirundi ni nini?"

"Ejo," akasema Mama Ndayizeye.

Nikadhani hakusikia swali. "Hapana, Mama. Jana. Siku iliyopita."

"Ejo."

"Na kesho?"

"Ejo!" Sasa alikuwa anasema kwa sauti ya mtu anayemfundisha mtoto wa chekechea. "Ejo ya nyuma na ejo ya mbele. Unasikiliza maneno yanayofuata, ndiyo unajua. Wewe hukusikiliza yanayofuata?"

Yanayofuata yaliliwa na upepo, ndugu zangu. Alichosema ni kwamba Jumamosi, mimi nikiwa Kasulu nanywa chai ya tangawizi, mto ulijaa. Sasa ni salama. Na abana nibaze maana yake watoto waje. Waje! Mimi nilisikia wabaki. Mtu mwoga husikia anachokiogopa, na mimi nilikwisha kuyaogopa maji yale kabla hajafungua mdomo.

Kwa hiyo angalieni mzunguko wenyewe. Mama aliniambia habari za juzi. Mimi nikazigeuza za kesho. Mzee Bukuru akaziongezea mtu. Vilima vikaziongezea redio. Zilipomrudia mwenyewe zilikuwa zimenenepa hata hakuzitambua, akabomoa kitanda chake akazikimbia. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Leo aliyeshindwa kusikia ni mkuu mwenyewe. (Kaimu.)

Mkaguzi akaomba mahudhurio ya leo. Nikayaleta, wino wa rangi mbili, ukurasa mweupe. Akaenda Darasa la Tatu, akasimama mlangoni, akahesabu kwa kidole.

"Kumi na wanne. Utulivu ni mzuri," akasema. "Yule wa nyuma tu anakula daftari."

Hapo hata mimi nilicheka, lakini cheko lilitoka vibaya, karibu na kilio. Nikamwambia ukweli wote, sikuwa na cha kupoteza tena. Nikamwambia habari ya yule mtoto aliyevutwa kwa mkanda wa begi. Nikasema mzee, mimi bora nifunge siku kumi za jua kuliko nifungue siku moja ya maji. Nilisema kwa hasira kidogo, sijui nilimkasirikia nani. Msuli ulikuwa unataka kufunguka, nikaushika.

Mama Ndayizeye akasema taratibu kwamba mtoto yule ni mjukuu wa dada yake, na kwamba mgongo wake si kitu, utapona.

Mkaguzi akaomba kitabu cha wageni. Akaandika akiwa amesimama, akiegemea kiti cha pikipiki. Akakifunga, akanirudishia, akaagana na kila mtu. Mzee Bukuru alimpigia saluti. Sidhani kama mpaka sasa amekubali kwamba yule si Elinino.

Pikipiki ilipoteremka nikafungua kitabu. Nawanakilia maneno yake kama yalivyo:

"Shule safi. Mawe yamepakwa chokaa. Kaimu ana moyo wa kulinda watoto na hapaswi kuhamishwa. Hata hivyo aendelee kuwa Kaimu mpaka atakapoweza kutofautisha jana na kesho."

Yameandikwa kwa kalamu ya wino. Yatakaa humo mpaka vitukuu vyangu.

Sasa hivi familia nne zinateremsha vitanda, na Mama Ndayizeye ameniambia gunia lake atalifuata mwenyewe mgongo ukipoa, ila kuanzia wiki hii nitakwenda kwake kila jioni nikafundishwe Kirundi kuanzia mwanzo kabisa, pamoja na watoto wa chekechea. Nimekubali. Amesema pia nikija nisisahihishe Kiswahili cha mtu.

Naomba sana, wenzangu, asicheke mtu. Mkishindwa kabisa kujizuia, basi chekeni jana.